Utulivu Katika Mafunzo ya Karate

Hapa Lamu, katika mazoezi ya wawili wawili, jambo ambalo mwalimu wetu wa karate hulisisitiza kuliko yote ni kuizuia ngumi isimguse mwenzako usoni. Anayeanza hudhani kwamba kazi ni kupata nguvu, kumbe kazi hasa ni kuusimamisha mkono uliokwisha kurushwa kwa kasi, ukabaki upana wa kidole mbele ya pua, huku mabega yamelegea na pumzi inatoka taratibu. Mwenye hasira hawezi, kwa sababu misuli yake hukaza mapema na macho yake huona kitu kimoja tu.

Gichin Funakoshi, aliyeionyesha karate ya kisiwa cha Okinawa, Japani, mjini Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba karate haianzi kwa kushambulia. Wazee wetu wa kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa kwa ngoma, hawahitaji kuelezwa hilo: mchezaji hodari huingia uwanjani kwa madaha, ngoma ikilia, akaikinga fimbo ya mwenzake bila hata kukunja uso. Vijana wanaoshikana mashati kwa sababu ya neno moja, nawasihi waje wawatazame wazee hao siku za sherehe.