Nilivyojitolea kwenye makao ya watoto Kenya na sindano yangu

Ushauri niliopewa kabla ya kuondoka Tanga ulikuwa wa aina moja: beba peremende, beba mpira, nenda ukawakumbatie watoto, wanahitaji upendo. Mwingine akaniambia nitafute wakala mtandaoni, nilipe, atanipangia kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza najua kufanya nini. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule tangu nikiwa msichana, barazani kwa mama yangu, na kilichowafaa watoto wale ni kazi hiyo, si peremende.

Nilikuwa nakwenda Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Sisi Wadigo tuna ndugu pande zote mbili za mpaka wa Horohoro, kwa hiyo safari yenyewe haina la kusimulia. Nilipanga kukaa kwa muda, na nilitaka muda huo umfae mtu.

Makao ya kwanza niliyoyaendea yako karibu na hoteli za ufukweni. Nilipiga hodi, mlinzi akafungua bila hata kuniuliza jina. Hakuna aliyetaka kuona kitambulisho. Uani watoto walikuwa wakipangwa mstari wawaimbie watalii walioshuka kwenye basi dogo, na wimbo ulipokwisha wale wadogo wa miaka mitatu, minne, walinikimbilia wakanishika miguu. Watalii walilifurahia sana jambo hilo. Mimi nimelea wadogo zangu na wanangu, na mtoto wa umri huo aliyetulia akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, achungulie kwanza. Anayemrukia kila apitaye ni mtoto aliyezoea watu wa kuja na kuondoka.

Kisha nikasikia mambo ambayo wageni wale hawakuweza kuyasikia, kwa sababu lugha ni yangu. Msichana mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake: aliyesema atarudi ni yule dada wa kizungu wa juzi, au ni yule wa kabla yake? Mwingine aliniambia, wala sikumuuliza, kwamba mama yake anauza mboga Kongowea. Kongowea ni soko la Mombasa! Unavuka feri ya Likoni, unapanda matatu, umefika. Mama yu hai, yuko sokoni, na mwanawe anatambulishwa kwa watalii kuwa yatima. Nilihisi mwili umeishiwa nguvu. Meneja akanijia na tabasamu, akasema naweza kuanza kesho, mchango unalipwa kwa wiki na kwa dola, na nikiongeza kidogo nitaweza kulala chumba kimoja na wale wadogo. Nilimshukuru, nikaaga.

Shangazi alipokuwa ananipakulia chakula nilimweleza yote. Akasema, "Mwanangu, nyumba ya watu haiingiwi kwa dirishani. Serikali ina afisa wa watoto, nenda kwake kwanza." Huo ndio ushauri pekee wa maana niliopata katika habari hii yote.

Afisa alinikalisha, akanieleza mambo ambayo watu wa mtandaoni hawayagusi. Tangu Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Upo mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032, na shabaha yake ni kuwarudisha watoto kwenye familia: kwao, kwa jamaa zao, au kwa walezi waliopimwa wakaonekana wanafaa. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua hata kafala, ile ya Kiislamu ya kumlea mtoto nyumbani kwako huku akibaki na nasaba yake. "Kwa hiyo, dada," akasema, "sihitaji mtu wa kuwapenda watoto humo ndani. Nahitaji watu wa kuwarahisishia kutoka. Wewe unaweza nini?" Nikamwambia naweza kushona. Akacheka kwa furaha, akachukua simu.

Makao aliyonielekeza ni ya zamani, yamesajiliwa, yako mbali na bahari, na hayana wimbo wa kuwapokelea wageni. Hapo nilidaiwa karatasi hasa: cheti cha polisi kutoka Tanzania, barua ya serikali ya mtaa, majina ya watu wanaonifahamu. Cheti ndicho kilichochelewesha, kwa hiyo shughulikia mapema, ungali nyumbani. Uhamiaji nako kulikuwa na kibali cha muda cha kuomba, maana kujitolea kunahesabiwa kazi hata kama hulipwi, na muhuri wa mgeni hautoshi. Nikatia saini masharti: hakuna kupiga picha, hakuna kukaa peke yangu na mtoto, hakuna kumpa zawadi mtoto mmoja mmoja. Rafiki zangu waliona ni usumbufu. Mimi moyo ulitulia, kwa kuwa mlango ulionisumbua mimi utamsumbua na mwenye nia mbaya.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Nguo za watoto wote zilikuwa kwenye kabati moja. Asubuhi mlezi huchota inayomtosha aliye mbele yake. Shati ulilovaa leo, kesho yuko nalo mwenzako. Fikiria kukua hivyo, miaka, huna hata fulana moja unayoweza kusema hii ni yangu. Walezi walikuwa wamejaribu kuandika majina kwa kalamu ya wino mzito, lakini sabuni ya mche na jua la pwani vilikula wino upesi, na watoto wadogo hawajui kusoma. Jina lililoshonwa kwenye kola wanalikuna hadi linatoka, kisha kwenye kola analiona nani? Wengine tu.

Nikawaambia tudarizi alama badala ya jina. Kila mtoto achague yake, aichore mwenyewe kwenye karatasi, nasi tuishone ikiwa na ukubwa wa ukucha wa dole gumba, upande wa kushoto juu kidogo ya pindo, kwa mbele, mahali ambapo mtoto mwenyewe akiinamisha kichwa anaiona. Uzi niliujaribu kwanza: unakata vipande vya kila rangi, unavilaza usiku kucha kwenye kitambaa cheupe chenye maji moto na sabuni, asubuhi unaona ni upi unaochuja. Mwekundu wa bei rahisi uliharibu kitambaa kizima, nikautupa. Kwenye nguo nyeusi nilichora kwa kipande cha sabuni kilichokonda, kile mafundi tunachokiweka kwenye kopo, na mshono ulikuwa wa kurudi nyuma, kwa sababu hata uzi ukikatika mahali alama haifumuki yote.

Watoto walichagua kaa, nazi, kikombe, mwezi, kuku, feri. Wavulana wawili waligombea simba kwa muda mrefu na hakuna aliyekubali kushuka. Mwishowe mmoja akachukua simba mzima na mwingine akachukua unyayo wake, akaridhika kabisa, kwani unyayo, alisema, ndio unaotisha watu porini. Kabati likagawanywa visanduku, kila kisanduku na alama yake.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo sikuishona mimi. Baada ya watoto kulala tulikaa chini ya taa na walezi, nikawafundisha. Kulikuwa na cherehani ya miguu stoo, mkanda wake umekatika miaka. Fundi viatu wa sokoni alinishonea mkanda mpya wa ngozi, nikaitia mafuta, ikaanza kulia vizuri. Mchana watoto waliona mashati yanatoka mikononi mwa akina mama wao walezi, watu watakaokuwapo mwezi ujao, na mimi ndivyo nilivyotaka. Mhudumu wa ustawi wa jamii alinisimulia utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, uliohusu watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Waliopelekwa kwa walezi majumbani waliendelea vizuri zaidi, hasa waliotoka wakiwa bado wadogo sana. Mtoto anamhitaji mtu asiyebadilika. Mimi nilikuwa mpita njia, na mpita njia amsaidie yule anayebaki.

Alama zilifanya na jambo ambalo sikulitarajia. Mvulana mmoja, ambaye faili lake liliandikwa kuwa jamaa hawajulikani, alichora ngalawa. Ilikuwa na matanga, na matengo yake yote mawili, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, yalikuwa mahali pake, kama mtu aliyeipanda. Mlezi akamuuliza kaiona wapi. Akajibu kwa Kidigo kwamba ni ya babu yake, akataja na jina la pwani inakofungwa. Mwenzangu mmoja aliniambia niende nikamtafute huyo babu, mimi si Mdigo? Nilikataa. Nilimpelekea mhudumu lile neno na ule mchoro, kwa kuwa kumtafuta jamaa, kumpima na kumtayarisha mtoto ni kazi ya aliyesomea. Yeye na afisa walikwenda. Babu alikuwapo, na shangazi wa mtoto pia. Walianza kumtembelea, kisha yeye akaenda kwao likizo. Kijiji sikitaji, ni cha mtoto.

Likizo hizo ndizo zilizozaa mabegi. Watoto walikuwa wakifungiwa nguo kwenye gunia, na mtoto anayefika kwao na gunia anaonekana kafukuzwa. Tulishona mabegi ya kaki kwa vipande vilivyobaki kwenye sare, na kamba ya kupitisha begani. Uzi, sindano, kitambaa na ule mkanda, vyote pamoja havikufika kodi ya mwezi ya chumba cha kawaida Tanga. Wale wa dola kwa wiki sijui wangeniambia nini.

Ukitaka kwenda mahali kama hapa, uliza kwanza: mwaka jana walirudi nyumbani watoto wangapi, na jamaa huja kuwaona lini? Makao niliyofanyia kazi walinijibu papo hapo, daftari mkononi. Ukijibiwa kwa wimbo, ondoka.

Siku niliyoaga, watoto waliniambia, "Haya anti, safari njema," wakarudi kucheza. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenishika mguu. Nilifurahi njia nzima hadi Lunga Lunga, mpakani.

Mlezi mkubwa bado ananitumia ujumbe, na uzi ukiisha naupakia kwenye basi la Mombasa. Watoto wapya wakija wanachora alama zao kabla ya kupewa nguo. Safari hii ameniambia wanamhitaji fundi bomba, maana tangi la juu linavuja na maji ya kufulia hayafiki mabombani. Anayeijua kazi hiyo na ana muda, aanzie kwa afisa wa watoto, na cheti cha polisi akiombe leo.