Tulivyobanana Tandika

Mafuriko ya Desemba 2011 yalitukuta Jangwani, Dar es Salaam. Hata wiki mbili zilikuwa hazijatimia tangu sherehe za miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika. Kuanzia tarehe 20 mvua ikanyesha mfululizo, na Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na kukatiza jiji mpaka baharini karibu na Daraja la Selander, ukaacha njia yake ukaingia majumbani. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Sisi tulitoka wazima, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Vitu vyote vilikwenda na maji.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wengi walilala madarasani. Januari Serikali ikaanza kuwapeleka watu Mabwepande, huko upande wa Bunju. Lakini riziki ya mume wangu ilikuwa Keko, kwenye karakana za samani, na kutoka Bunju kwenda Keko kila siku nauli ingemaliza chote anachopata. Seremala mwenzake mmoja akamwambia, "Lete familia kwangu. Tutabanana hapo hapo." Tukabanana mpaka masika yakaisha.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, Tandika, vyumba vitatu kila upande na korido katikati, nusu yake imepangishwa. Wanawe wa kiume walihamishiwa koridoni, sisi tukapewa chumba chao. Siku hiyo hiyo watoto wote wanne wa pale wakaambiwa watuite baba mdogo na mama mdogo. Mama mzazi wa mwenyeji wetu naye alikuwa anakaa pale, na watoto wangu wakapata bibi.

Kwangu chakula nilikuwa napakua mimi. Sahani ya mume wangu kwanza, na kipande kikubwa cha samaki humo, kisha watoto, kisha yangu. Ndivyo nilivyoona kwa mama yangu Korogwe. Pale Tandika watoto walipakua kwa zamu. Sufuria ya wali na ya mchuzi zinaletwa uani, sahani zinapangwa juu ya mkeka, mwenye zamu anashika upawa. Sharti lilikuwa moja tu: anayepakua anachukua sahani inayobaki baada ya wote kuchagua. Wakubwa wanachagua kama wadogo, na hakuna anayemwelekeza mpakuaji.

Mwanangu wa kiume alikuwa darasa la nne, na kule Jangwani majirani walimwita mroho, kwa utani, lakini walimwita. Zamu ilipomfikia nikataka kuinuka nimsaidie. Mke wa mwenyeji wetu akanishika goti. "Mwache, mdogo wangu."

Siku hiyo vilikuwepo vibua sita vya kukaanga, nasi tulikuwa watu kumi na mmoja. Mtoto akavitazama kwa muda mrefu. Akaosha mikono tena, akavikata kila kimoja katikati, kichwa huku, mkia huku, akaanza kuweka moja moja juu ya wali. Kipande kimoja kikazidi. Nilijua, au nilidhani najua, kitakakokwenda. Akakichukua, akachambua miiba yote kwa vidole, taratibu, akiinua nyama kwenye mwanga wa taa kuikagua, kisha akaikusanya kwenye sahani moja akaisogeza kwa bibi, ambaye meno yake yalikuwa ya kuhesabu. Yeye akabaki na mkia uliokauka kuliko yote. Akala.

Usiku, tulipolala, mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule ni wetu?"

Nimelifikiria sana swali lile. Mzazi humwona mtoto wake nyumbani kwake, katika nafasi aliyomwekea yeye mwenyewe. Ukimpeleka likizo kwa shangazi yake, unaletewa taarifa kwamba hakusumbua, basi. Lakini ukikaa naye nyumba ya watu, wewe nawe ukiwa mgeni, huna neno la mwisho wala funguo, unamwona anavyoishi mahali ambapo amri si yako. Yule mtoto aliyechambua miiba hakuzaliwa Tandika. Tulikuwa naye siku zote, ila nyumbani hakuwahi kushika upawa.

Jambo la pili tulilipata kwa binti yetu, aliyekuwa na miaka sita. Wenyeji wetu walikuwa wakibishana hadharani. "Hela ya sare iko wapi?" "Nimenunulia mbao." "Na mtoto atavaa mbao?" Yote haya uani, watoto wakiosha vyombo, mpaka wanafikia mwafaka na chai inaendelea. Mimi na mume wangu tulikuwa watu wa kunong'ona. Mambo ya pesa tuliyasema watoto wakilala, midomo masikioni, tukiamini tunawakinga. Usiku mmoja kwenye giza tukasikia, "Mama, mnanong'ona nini? Tunarudi kwenye maji?"

Mume wangu akawasha taa. Akawakalisha wote wawili kitandani, akawaeleza: tumepata kiasi fulani, chumba kinatafutwa Chamazi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, bado haijatimia. Mtoto wa kiume akauliza bado kiasi gani. Akaambiwa. Wakalala.

Hofu ya maji yenyewe haikwisha kwa maelezo. Masika yalipoanza, kila bati likilia, binti yangu alikuwa anajikunja kama jongoo aliyeguswa. Nilimfunika kanga kichwani, nikamziba masikio, nikamwambia maji hayaji tena, maneno ambayo hakuna mtu Dar es Salaam mwenye uwezo wa kuyadhamini. Usiku wa mvua kubwa bibi akagonga mlango. "Hodi humo. Nipeni mjukuu wangu."

Alikuwa na tochi. Akamchukua mpaka kibarazani mbele ya nyumba, nami nikafuata kwa wasiwasi. Akampa tochi mkononi. "Mulika. Maji yanatoka wapi?" Mtoto akamulika ukingo wa bati. "Yanakwenda wapi?" Akayafuata kwa mwanga, kutoka bati hadi mfereji, mfereji hadi kwenye kalivati, upande wa pili wa barabara. "Haya. Yakipanda yakafika ngazi hii, tunafanyaje?"

"Tunaondoka."

"Na nani?"

Binti yangu akataja watu wote wa nyumba ile mmoja mmoja, wapangaji na kuku wakiwemo. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamkumbusha aliowasahau. Hakumwahidi kitu. Kuanzia hapo kila mvua ikinyesha mtoto aliomba tochi, akaenda kibarazani kuangalia ngazi, akarudi kutupa taarifa. Mwaka ule hakuna dawa wala maneno niliyoyaona yakimfaa mtoto kama tochi ile, na hata leo nikikutana na mama ambaye mtoto wake anaogopa mvua, namwambia habari za bibi.

Tulihamia Chamazi. Miaka ikapita, binti mkubwa wa wenyeji wetu akapata nafasi sekondari moja huku kwetu. Makonda wa daladala walikuwa wakiwakimbia wanafunzi vituoni, safari ya Tandika asubuhi na jioni ingemmaliza, kwa hiyo akaja kukaa nasi. Hatukujadili mara mbili.

Mama yake akapiga simu baada ya siku chache. "Anawasumbua?"

Nikamweleza ukweli. Asubuhi ni mzito kuamka, na sketi yake anataka kupiga pasi mwenyewe, hamwamini mtu. Na anaimba. Akiwa anaosha vyombo anaimba kaswida kwa sauti nzuri hadi jirani anazima redio.

"Anaimba? Huyo huyo wangu?"

"Huyo huyo, dada."

"Kwangu hajawahi kuimba."

Jumapili ile akapanda daladala mbili, akaja Chamazi, akakaa nami jikoni tukikuna nazi, tukimsubiri binti aanze kuosha vyombo.