Siku moja maishani mwangu: siku ya kufunga orodha ya mishahara

Saa 1:30 asubuhi. Nimefika kazini mapema kwa sababu leo orodha ya mishahara lazima ifungwe na kupelekwa benki kabla ya jioni. Mimi ni mhasibu wa mishahara. Kila mwezi jasho la watu zaidi ya mia mbili hupita mezani kwangu likiwa tarakimu, na kabla halijawafikia wenyewe, mimi ndiye ninayekata kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii na marejesho ya mikopo. Kazi hii huifanya kwa uangalifu mkubwa, kwa maana kosa la tarakimu moja kwangu ni pengo katika nyumba ya mtu mwingine.

Saa 2:15. Nimeanza na kodi. Makato haya yanaonekana kana kwamba yamekuwapo tangu zamani za kale, ilhali kwa mfanyakazi wa kawaida ni jambo changa. Uingereza ilipoanzisha kodi ya mapato mwaka 1799, waziri mkuu wake, William Pitt, alikuwa akitafuta fedha za vita dhidi ya Ufaransa, na waliotozwa ni wenye kipato cha zaidi ya pauni 60 kwa mwaka, kiasi ambacho kibarua wa wakati ule hakukifikia. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoifikisha kodi hiyo kwa umma: Marekani iliwaagiza waajiri kuikata kwenye mshahara mwaka 1943, na mwaka 1944 Uingereza ikaweka mfumo wake wa kukata kodi kila malipo yanapofanyika. Mwanauchumi Adam Smith alikwisha kushauri mwaka 1776 kwamba kodi itozwe wakati ambapo ni rahisi zaidi kwa mlipaji kuilipa, na makato ya mwezi yametimiza ushauri huo. Hata hivyo naamini yamezaa pia ukimya, kwa sababu fedha ambayo mtu hakuishika mkononi ni vigumu kwake kuidai hesabu.

Saa 4:00. Mzee mmoja wa kitengo cha upakiaji ameingia na hati zake mbili za mshahara, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, akaziweka mezani sambamba na kuzilainisha kwa kiganja.

“Mwanangu, wameniongezea mshahara, lakini naona kama nimepunguziwa. Au nimepandishwa ngazi ya kodi, sasa mshahara wote unatozwa kiwango cha juu? Kama ni hivyo, nirudishe nilipokuwa.”

“Hapana, mzee wangu. Kiwango cha juu kinagusa kile kilichozidi tu. Ila hujakosea kuona kwamba umepungukiwa.”

Nikageuza karatasi na kumwandikia mfano wa tarakimu nyepesi. Tuseme 100 ya kwanza haitozwi kodi, 100 inayofuata hutozwa asilimia 10, na kinachozidi 200 hutozwa asilimia 30. Anayelipwa 200 hukatwa 10 na kubaki na 190. Bei za bidhaa zikipanda kwa asilimia 10 na mwajiri akaongeza mshahara kwa asilimia 10 vilevile, sasa analipwa 220 na kukatwa 16, hivyo anabaki na 204. Lakini ili anunue vilevile alivyokuwa akinunua zamani, anahitaji 209. Mwajiri atasema ametimiza wajibu wake, serikali itasema haijapandisha kodi, na wote wawili watakuwa wamesema kweli, ila zile 5 zimetoka kwa mfanyakazi. Sababu ni kwamba bei zimesogea na ngazi za kodi zimebaki palepale. Ziko nchi ambazo sheria yake huzisogeza ngazi hizo kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, na kwa maoni yangu hakuna badiliko la kodi lililo rahisi na la haki kuliko hilo.

Mzee aliitazama 204 kwa muda mrefu, kisha akaomba aondoke na karatasi ile akawaonyeshe wenzake. Nikampa.

Saa 7:00 mchana. Mapumziko mafupi.

Saa 8:00. Nimeandaa malipo ya gawio, yaani fungu la faida ya kampuni wanalopewa wanahisa, kazi iliyonichukua dakika ishirini tu. Katika nchi nyingi gawio hutozwa kodi kwa kiwango kimoja, ambacho mara nyingi huwa chini ya kile cha ngazi ya juu ya mshahara. Nimesikia hoja kwamba kampuni imekwisha kulipa kodi yake kabla ya kugawa faida, na kwamba mtaji ukibanwa utahama. Hoja hiyo ina uzito, maana mtaji huhama kwa wepesi ambao mpakiaji hana. Lakini wepesi wa kukimbia haupaswi kuwa ndicho kipimo cha nani alipe kidogo.

Saa 9:45 alasiri. Kazi iliyobaki ndiyo iliyonielemea. Uongozi umeamua kwamba madereva 14 waondolewe kwenye orodha ya waajiriwa na wawe watoa huduma, watakaopokea safari kupitia programu ya simu na kulipwa kwa ankara. Watabaki na magari yaleyale, njia zilezile na msimamizi yuleyule. Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzeeni mwaka 1889, mfanyakazi na mwajiri walichangia kwa usawa na serikali ikaongeza fungu lake, kwa kutambua kwamba aliyenufaika na nguvu za mtu ana deni kwake nguvu hizo zikiisha. Kwa badiliko hili la leo mwajiri amejitoa katika deni hilo. Nimemwandikia meneja waraka kueleza kila dereva atapoteza kiasi gani, mmoja mmoja, nikaomba suala lirudishwe mezani pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi.

Saa 11:10 jioni. Hakuna jibu, na muda wa benki unakwisha. Nimehamisha majina 14, dereva mmoja baada ya mwingine. Mfumo umekubali kila jina, na kwenye safu ya mchango wa mwajiri ukaweka kistari.