Mchanga wa Takawiri

Nikiwaambia marafiki wa Mombasa kwamba Ziwa Victoria, kwenye kisiwa cha Takawiri, lina ufuo wa mchanga mweupe wenye minazi, wanacheka. Wacheke tu. Boti kutoka mji wa Mbita ndiyo hiyo.

Mimi nilikwenda kupiga picha pale mchanga unapochomoza majini kama ulimi. Mawimbi yanayopiga ufuo kwa mshazari huusukuma kidogo kidogo, kwa hiyo umbo la leo si la mwaka jana. Ukisimama chini kabisa unaona uzi tu. Tafuta mahali palipoinuka. Na usiiamini kamera: ikiona weupe mwingi hufifisha picha, mchanga ukatoka wa kijivu. Ongeza mwanga hatua moja. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana huku karibu na ikweta jua hupanda haraka na vivuli hutoweka. Alasiri upepo wa ziwani huvuruga maji.

Mama mmoja aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, akaniuliza, "Kijana, mchanga wote huo unapiga picha wa nini? Omena hawa huwaoni?" Nikawapiga picha pia, na kusema kweli wametokea vizuri kuliko mchanga.

Nauli ya boti mpatane kabla hujapanda.