Herufi nne mgongoni mwa kijiko

Kijiko chenyewe ni kidogo, cha chai, mpini wake umepanuka mwishoni kama fidla. Nilikinunua hapa Cork, kusini mwa Ireland, kwa yuro 35, katika duka la vitu vya kale, kwenye kikapu cha vijiko vilivyobaki bila wenzao. Muuzaji alinipunguzia bei kwa kuwa chapa ya fundi imelika. "Huyu hajulikani," akasema. Mimi ni mjukuu wa sonara wa Lamu. Kuniambia fundi hajulikani ni kunikabidhi kazi.

Nilipofika nyumbani sikukisugua. Wengi wakipata fedha ya zamani hukimbilia dawa ya kung'arishia, na kila wakisugua chapa inazidi kulika. Nilifanya alivyofanya babu kila alipoletewa bangili ambayo hakuifua yeye: nilikipulizia pumzi. Ukungu wa pumzi ukitua juu ya fedha, mistari iliyofifia hujitokeza kidogo, kisha huyo, imepotea. Baadaye nikazima taa na kulaza tochi ya simu ubavuni mwa kijiko, vivuli vikajaa ndani ya chapa.

Nikaona mwanamke aliyeketi, kinubi chenye taji, kichwa cha mfalme, na herufi ya mwaka iliyofutika kabisa. Pembeni, chapa ya fundi: C na T juu, chini yake mstari mmoja wa wima, kisha W.

Yule mwanamke alinipotezea siku nzima. Nilimdhania Britannia wa Waingereza, kwani naye huchorwa ameketi. Lakini kinubi chenye taji ni cha Ireland, chapa ya ubora wa fedha tangu masonara wa Dublin walipopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Fedha hiyo ni sehemu 925 katika 1000. Kwa hiyo mwanamke ni Hibernia, Ireland yenyewe katika umbo la mtu, aliyeanza kupigwa karibu miaka mia baadaye, katika miaka ya 1730, kuonyesha kodi imelipwa.

Basi nikashika orodha za mafundi wa Dublin. Wiki nzima, kila usiku baada ya kazi, nikitafuta watu wawili wa Dublin wenye herufi hizo. Sikuwapata.

Aliyenifungua macho ni mama, kwenye simu. Nilikuwa nikimlalamikia kuhusu kinubi changu cha Dublin, akanikata: "Mwanangu, chapa ya mpimaji ni ya mpimaji. Bangili ikipimwa Mombasa, ndiyo imefuliwa Mombasa?"

Nilinyamaza. Mji ninaoishi haukuwahi kuwa na ofisi ya kupimia ubora wa fedha. Kupeleka mali Dublin, safari ya kilomita kama 250 kwa njia za zamani zile, kulikuwa na gharama na hatari ya kuporwa, ndiyo maana masonara wengi wa Cork walijipigia wenyewe neno STERLING, yaani fedha ya ubora ule wa 925, na kuuza. Lakini si wote, na si kila mara. Vitu vingine vilisafiri, vikapimwa, vikarudi na kinubi. Na sheria ya miaka ya 1780 iliwataka masonara wa nchi nzima wajiandikishe Dublin, kwa hiyo majina yao yapo.

Nilipogeukia mafundi wa Cork sikuchukua hata saa moja. CT ni Carden Terry. W ni Williams. Hapo palibaki ule mstari wa wima, yaani I, ambayo zamani ilipigwa badala ya J, kwa sababu kuna John Williams, aliyekuwa mwanagenzi wa Terry kisha akamwoa binti yake, na kuna huyo binti, Jane Williams. Herufi ya kwanza ni moja kwa wote wawili.

Jibu lilikuwa kwenye kichwa cha mfalme. Dublin ilianza kukipiga mwaka 1807, na wakati huo John alikuwa amekwisha kufa. Jane, mjane mwenye watoto, alikuwa ameingia karakanani na baba yake, jina lake likaenda kwenye chapa pamoja na la mzee.

Jumamosi nilikwenda makumbusho ya Fitzgerald's Park kutazama fedha ya Cork iliyowekwa pale. Nilisimama mbele ya kabati la kioo muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikimfikiria shangazi. Ndiye aliyekuwa akivuta waya na kulehemu vipande vidogo, maana macho ya babu yalikuwa yamechoka. Mjini watu walisema "kazi ya mzee", naye hakuwahi kuwasahihisha.

Usiku ule nikampigia kwa video, nikamsimulia yote, nikasogeza kijiko karibu na kamera. Akavaa miwani, akatazama kimya.

"Ya binti ni ipi?"

Nikaweka ncha ya ukucha kwenye mstari wa wima.