Gia ya pili kwanza, injini baadaye: K24 ndani ya Civic EG ya autokrosi

Ukipachika K24 (injini ya Honda ya lita 2.4) ndani ya Civic EG (ya 1992 hadi 1995), usianze na hosipawa, anza na gia ya pili. Raundi ya autokrosi, yaani mbio za gari moja moja kati ya koni dhidi ya saa, mara nyingi huisha kwa dakika moja hivi, na karibu yote hukimbizwa kwa gia hiyo. Kila ukilazimika kutia ya tatu kwa kipande kifupi halafu urudi ya pili kabla ya koni zinazofuata, umetupa muda ambao hosipawa 20 za ziada hazitaurudisha.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Giaboksi ya Acura RSX Type S ya 2002 hadi 2004 ina gia ya pili yenye uwiano wa 2.130 na fainali (uwiano wa gia za difu) ya 4.389; ukizidisha unapata 9.35, yaani mizunguko ya injini kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Tairi ya 205/50R15 huenda mita 1.84 kila ikizunguka mara moja. Kwa mizunguko 7,200 ya injini kwa dakika, gari linafika kilomita 85 kwa saa. Giaboksi ya 2005 na 2006 ina fainali fupi, takriban 4.76, nayo huishia kilomita 78. Wengi huikimbilia hiyo kwa sababu inavuta vizuri. Kwa K20 (ndugu yake wa lita 2.0) inayofika mizunguko 8,000 ni chaguo zuri, maana inakupa kilomita 87. Kwa K24, inayoishia 7,200, itakuchosha mkono kwa kubadilisha gia.

Wala usitatue jambo hilo kwa kupandisha kikomo cha mizunguko. Pistoni ya K24 husafiri milimita 99 kila inapopanda au kushuka. Ya K20 ni 86. Kwa mizunguko 7,200 mwendo wake wa wastani tayari ni mita 23.8 kwa sekunde, na kwa 8,000 unafika 26.4. Hapo konrodi (fimbo zinazoshika pistoni) za kiwandani zinaombwa kazi zisiyotengenezewa.

Injini ninayoipendekeza ni K24A2 ya Acura TSX. Torki yake (nguvu ya kuzungusha) iko kwenye mizunguko ya katikati, kwa hiyo ukitoka kwenye kona kali na mizunguko 4,000 inavuta bila kukusubiri. Angalia namba kwenye bloku kabla ya kulipa, kwa sababu K24A4 ya Accord ya kawaida ina VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha ufunguaji wa vali) ya kubana mafuta, na kichwa chake hakitakupa unachotafuta.

Pampu ya oili ya K24 imebeba shafti za kusawazisha mtetemo. Itoe, weka ya K20A2 (injini ya RSX Type S) pamoja na cheni yake na kikaza cheni. Kabla ya kufunga sampu (bakuli la oili chini ya injini), zungusha krankshafti kwa mkono raundi mbili kamili ukisikiliza. Pampu ikigusa bloku, piga tupa mahali hapo tu, kisha osha vizuri, maana chembe moja ya aluminiamu inatosha kukwaruza beringi. Sampu nayo chukua ya RSX, iwe na vizuizi vya ndani vyenye vilango. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, mdomo wa pampu unavuta hewa, na presha inaanguka huku injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu kabisa. Ongeza nusu lita juu ya alama, na weka geji ya presha mahali unapoiona bila kugeuza shingo.

Kwenye upachikaji wenyewe, mauntini (vishikio vya injini) za kununua zitakuokolea kazi nyingi. Bloku ya K24 ni ndefu kuliko ya K20 kwa karibu milimita 19.5, hivyo pima nafasi chini ya boneti. Ekzosi ya K iko nyuma, kinyume na injini za Honda za D na B, kwa hiyo inapita karibu na reki ya usukani; kinga reki na kebo za gia dhidi ya joto. Ndiyo, kebo: fimbo za gia za EG hazifanyi kazi hapa, unahitaji boksi la mkono wa gia la RSX. Presha ya petroli iweke karibu bari 3.4. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya RSX ina kinga ya wizi, kwa hiyo tumia inayopangika upya, kama ya Hondata.

Shafti za magurudumu zipime gari likiwa limesimama chini, si juu ya jeki. Sukuma shafti ndani kwa mkono: lazima ibaki nafasi kidogo ya kucheza. Isipobaki, springi zikikandamizwa jointi itagonga mwisho na kuvunja giaboksi.

Difu ya RSX Type S ya Marekani haina LSD, yaani kifaa kinachozuia tairi moja kuzunguka peke yake. Bila LSD, tairi ya ndani itazunguka bure kila unapotoka kwenye kona, na torki yote uliyoihangaikia itaishia kuwa moshi. Mimi ningepunguza bajeti ya injini ili niinunue. Ya helikali (ya gia za meno ya mshazari) haihitaji matunzo mengi, ila tairi moja ikiinuka kabisa inaacha kushika. Kwa gari lenye springi ngumu sana mbele, ya sahani za msuguano ni bora.

Petroli isishuke chini ya robo tangi. Ikishuka, kwenye kona ndefu itahama, pampu itakosa, na injini itakatika kama ya plagi mbovu. Watu hubadilisha plagi na koili bure.

Betri ihamishie nyuma, fyuzi ikae karibu nayo, na waya za ardhi ziwe mbili: kichwa hadi bodi, giaboksi hadi bodi. Kati ya raundi, fungua boneti na uache feni izunguke.