Kiranja, Bucha na moyo wa mbuzi

Alhamisi, saa nne usiku.

Kidole gumba kinaniuma kwa kushika mkasi. Tangu tumalize kula nakata karatasi za kipindi cha kesho: vipande vinne vya somo, nusu ukurasa kila kimoja, nakala 18 kila kipande. Jumla 72, idadi ya watoto wa Kidato cha Pili B wakija wote, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Januari. Kijana wa fotokopi pale kituoni siku hizi akiniona tu anawasha mashine. Hela ni ya mfukoni mwangu, na hilo naomba lisifike masikioni mwa baba watoto.

Niseme ukweli. Kwa miaka sita nilikuwa naandika "majadiliano ya vikundi" kwenye andalio la somo na roho yangu ikitulia kabisa. Mtaala wa 2005 ulishatuambia tuache kumimina, mwanafunzi ashiriki. Kisha 2016 ada ikafutwa, madarasa yakajaa, na vikundi vikawa mkombozi wangu kwa sababu nyingine isiyo ya kitaalamu: wakiwa kwenye vikundi, mimi napumua. Nageuza madawati, nagawa bango kitita na kalamu rashia, watoto wanane wanane, nazunguka nikiwa nimefunga mikono nyuma. Mdhibiti ubora alipokuja alinisifu kwa mbinu shirikishi.

Siku niliyoaibika ilikuwa ya kawaida tu. Kikundi kimoja kilibandika bango zuri ajabu, mwandiko umenyooka, mishale imechorwa kwa rula. Nikamwita mvulana mmoja wa kikundi hicho aje aeleze mshale wa kwanza unatoka wapi unakwenda wapi. Akasimama, akaangalia bango kama anaangalia ratiba ya mabasi ya mji asioujua, akasema, "Madam, aliyeandika ni Kiranja."

Wala hakuwa mkorofi. Alinijibu ukweli mtupu. Kiranja ndiye aliyesoma, ndiye aliyefikiri, ndiye aliyeandika, na wenzake saba walimshikia karatasi isipeperuke.

Kuna Mfaransa mmoja, Ringelmann, mtaalamu wa uhandisi wa kilimo, aliyewapima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu. Nilisimuliwa habari zake chuoni, nikazijibia mtihani, nikafaulu, nikazisahau. Hapo darasani nilikuwa nimewapa watu wanane kamba moja, halafu nashangaa anayetoka jasho ni mmoja.

Ninachokijaribu sasa kilianzia mbali na huku. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na ugomvi ukawaka madarasani. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaja na njia ya kulikata somo vipande: kila mtoto wa kikundi anapewa kipande ambacho wenzake hawana, anakwenda kukisoma pamoja na wa vikundi vingine waliopewa hichohicho, kisha anarudi kwenye kikundi chake kuwafundisha wenzake. Usipomsikiliza mwenzio, sehemu hiyo ya somo huna. Wala huwezi kumdharau, maana wiki ijayo kipande chake kitakuwepo kwenye jaribio.

Kwenye vitabu imekaa vizuri. Sasa njoo kwenye darasa langu la Biolojia la watoto 72, siku ya mada ya mzunguko wa damu. Vikundi 18 vya wanne wanne maana yake wenye kipande cha moyo ni 18, na watu 18 wakikaa pamoja hilo si kundi tena, ni mkutano wa hadhara. Ikabidi niwagawe tena, sita sita, duara tatu za moyo, tatu za mishipa, tatu za damu, tatu za mzunguko. Duara mbili zilikaa chini ya mwembe. Mwalimu wa Fizikia wa darasa la jirani alichungulia dirishani akauliza kama kuna mnada wa samaki Feri na yeye hajaambiwa. Halafu siku hiyo waliofika walikuwa 67, kwa hiyo vikundi vitano vilikuwa na pengo. Kimoja hakikuwa na moyo kabisa. Nikawaambia watume mtu akaazime kikundi cha jirani, asikilize, arudi nao. Nilitunga palepale nikiwa nimesimama mlangoni, na mpaka leo ndiyo kanuni yetu.

Kwenye moja ya duara za moyo alikuwepo kijana wanayemwita Bucha, kwa kuwa mjomba wake anauza nyama na yeye humsaidia Jumamosi. Anakaa dawati la nyuma. Muhula mzima wa kwanza sauti yake niliisikia kwenye kuitikia mahudhurio tu. Karatasi ni ya Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba ya msingi kisha akaambiwa kuanzia Kidato cha Kwanza dunia imebadilika. Niliwaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili. Najua ukutani pameandikwa nini kuhusu lugha ya shule, na kibao hicho nilisaidia kukipaka rangi.

Walikuwa wamekwama kwenye sentensi inayosema ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Wanaisoma, wanairudia, wanataka kuikariri. Bucha akasema, bila kunyoosha kidole, "Si ule upande mgumu?" Wakamtazama. Akakunja ngumi kuonyesha: moyo wa mbuzi ukiupasua, upande mmoja nyama yake imeshiba, kisu kinasita, wa pili ni laini unalegea. Msichana mmoja akauliza kwa nini. Akafikiri kidogo. "Mmoja unasukuma hapa jirani kwenye mapafu. Huu unasukuma mpaka miguuni."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na chaki mkononi. Mimi nimefundisha mada hiyo mara sita na sijawahi kupasua moyo wa mbuzi mbele ya mtoto, wakati bucha iko hatua mia mbili kutoka getini.

Ningependa niishie hapo. Jumatatu walifanya jaribio, kila mtu peke yake, kwa Kiingereza. Swali la ventrikali lilikuwemo. Bucha aliandika sentensi moja, maneno manne kati ya saba yamekosewa, na mimi nikampa alama zote kwa sababu nilijua alichotaka kusema. Atakayesahihisha upimaji wa taifa mwezi wa kumi na moja hatakuwa amesimama nyuma ya ile duara. Mfumo unaomtaka mtoto afikiri kwa lugha moja na apimwe kwa nyingine una kasoro ambayo hakuna mpangilio wa madawati utakaoiziba, na nimechoka kusikia kwenye semina kwamba tatizo ni ubunifu wa mwalimu.

Naye Kiranja hana raha. Alinisubiri nje ya ofisi ya walimu jana, heshima zote, "Shikamoo madam," kisha akasema anapoteza muda. Akisoma peke yake anamaliza mada kwa dakika 20. Na aliyemletea kipande cha mishipa alimwambia vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, hazina valvu, akaandika hivyo daftarini, akakosa. Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli alidanganywa, na ni kosa langu, sikukagua duara ile kabla hawajarudi vikundini mwao. Nimemuahidi kwamba mwisho wa kipindi kila kikundi kitapewa vipande vyote vinne wavihakiki. Kuhusu muda, nilimwambia avumilie. Uso wake ulionyesha ameshawahi kuambiwa hivyo na watu wazima wengine.

Kesho ni upumuaji. Kipande cha kwanza ni mapafu, cha mwisho ni mlinganyo wa kemia: glukosi na oksijeni zinavyotoa kabonidayoksaidi, maji na nishati. Mapafu Bucha anayajua, ameyatundika kwenye ndoano, angeng'aa tena na mimi ningefurahi. Mlinganyo utamtesa. Nimeandika jina lake kwenye mapafu, nikalifuta, nikaliandika kwenye mlinganyo. Kwa penseli.